Glovu zinanizidishia vidonda, na msimamizi wangu ni mjomba: nifanye nini?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, nina mke na watoto wawili, na ninaishi Dar es Salaam. Kazi yangu ni ufundi ujenzi, hasa kupiga lipu, niru na kuweka vigae. Kazi hii nilifundishwa na mjomba, kaka wa tumbo moja na mama yangu, ambaye alinichukua baada ya baba kufariki, akanianzisha kwa kubeba karai na kukoroga zege, mpaka aliporidhika akanikabidhi mwiko. Leo yeye ndiye fundi mkuu wa kikundi chetu na ndiye anayezungumza na wakandarasi. Bila yeye nisingekuwa na nyumba niliyo nayo.

Mwaka jana, tukiwa kwenye mradi wa jengo la ghorofa, ngozi ya mikono yangu ilianza kukauka na kupasuka katikati ya vidole na pembezoni mwa kucha. Sikushtuka, kwa sababu mafundi wengi wako hivyo. Baadaye yakaja malengelenge madogo yanayowasha sana usiku, yakipasuka yanatoa majimaji. Nimeshika saruji kwa zaidi ya miaka kumi bila kupata tatizo hili, kwa hiyo sikuona sababu ya kuilaumu saruji.

Mkandarasi alileta glovu za ngozi, zile nene za kijivu kama za wachomeleaji. Nilizivaa kwa utii kila siku. Badala ya kupona, upele ulipanda kwenye mgongo wa mkono hadi kwenye kifundo, ukasimama pale pale ukingo wa glovu unapoishia, kama mtu aliyechorewa mstari. Nilipoziacha nilipata nafuu kidogo. Mjomba aliposikia alicheka, akasema alishaniambia kuwa glovu ni za watu wa ofisini wanaokuja saiti kupigwa picha, na kwamba ngozi ya fundi hukomaa yenyewe akiiacha wazi. Yeye anakaribia miaka 60 na viganja vyake ni vigumu kama gome, wala hajawahi kuwashwa.

Nyumbani nako hakuna amani. Mke wangu anaamini nina ugonjwa wa kuambukiza, amenitengea taulo na ndoo, na hapendi nimbebe mtoto mdogo. Duka la dawa waliniuzia krimu ambayo hunipa nafuu kwa siku chache, lakini nikiiacha hali inarudi kwa ukali zaidi. Jioni tunanawa kwa sabuni ya unga, na rangi au gundi ikiganda tunatumia mafuta ya taa. Mwenzetu mmoja alinishauri nipake limau, na nilipojaribu nililia.

Jambo linaloniumiza zaidi ni hili. Pale saiti kuna daftari la vifaa kinga, na mjomba ndiye anayesaini kwa niaba ya kikundi. Siku moja niliona limeandikwa kwamba kila fundi hupokea jozi mpya ya glovu kila mwezi, ilhali sisi tulipewa jozi moja tu tangu mradi uanze. Sijui zinakwenda wapi. Afisa usalama aliniona mikono akaniuliza, nikamwambia nimeungua na mafuta ya kupikia.

Sasa mjomba ameniambia kwamba mradi unaofuata, utakaokuwa Dodoma, mimi ndiye nitakayesimamia kikundi, na yeye atakuwa anakuja kukagua tu. Ni heshima kubwa na pesa itaongezeka, lakini nitakuwa mimi ninayesaini lile daftari. Je, niendelee bila glovu kama mjomba anavyosema? Nimwambie afisa usalama ukweli, na kumuaibisha mtu aliyenilea? Au niache ufundi kabisa kabla mikono haijaharibika?

Fundi wa Lipu, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa maumivu hayo, na pole zaidi kwa kuyabeba peke yako mahali penye watu wengi wanaokupenda.

Katika barua yako naona mambo mawili yaliyofungwa pamoja, yaani mikono yako na heshima yako kwa mjomba, na yamekazana kiasi kwamba kila swali umelipa majibu mawili tu: glovu au mikono mitupu, kusema au kunyamaza, Dodoma au kuacha kazi. Nitaanza na mikono, kwa kuwa nadhani ukielewa kinachoendelea pale, hata mazungumzo na mjomba yatakuwa mepesi kidogo. Mimi si daktari wala siwezi kupima ngozi kupitia barua, kwa hiyo yachukue haya kama maswali ya kwenda nayo kliniki.

Umesema umeshika saruji zaidi ya miaka kumi bila kudhurika, na ukaitoa kwenye orodha ya washukiwa. Hapo nakuomba urudi nyuma. Saruji huumiza ngozi kwa njia mbili tofauti. Ya kwanza haichagui mtu: ikishachanganywa na maji huwa na ukali wa chokaa unaofikia 12 hadi 13 kwenye kipimo cha pH, ambacho namba kubwa humaanisha ukali zaidi wa chokaa, wakati ngozi yenye afya iko karibu na 5, na ukali huo huondoa mafuta ya asili ya ngozi huku mchanga ukiisugua na saruji yenyewe ikifyonza unyevu. Kukauka na kupasuka kulikoanza mwanzo kunafanana na njia hii. Njia ya pili ni mzio, na huu ndio unaowashangaza mafundi wengi. Ndani ya saruji huwa mna kiasi kidogo cha madini ya kromi ya aina inayoyeyuka majini na kupenya kwenye ngozi. Mwili unaweza kuivumilia kwa miaka mingi, kisha ukaanza kuikataa, na ukishaikataa hata kiasi kidogo hutosha kuamsha upele. Ngozi iliyokwisha kupasuka huifungulia mlango. Kwa hiyo ile miaka kumi haithibitishi kwamba saruji haina hatia, na viganja vya mjomba haviwezi kuwa ushahidi juu ya vyako, kwa sababu watu wawili wakikoroga zege katika karai moja, mmoja anaweza kupata mzio na mwingine asiupate maisha yake yote.

Jambo hili limejulikana muda mrefu kiasi cha kutungiwa sheria. Denmark ilianza mwaka 1983 kudai kromi hiyo ipunguzwe, na tangu mwaka 2005 nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu saruji yenye zaidi ya miligramu 2 za kromi hiyo kwa kila kilo ya saruji ikishatiwa maji. Viwanda huko huongeza chumvi ya madini ya chuma inayoibadilisha kromi kuwa aina isiyopenya ngozi kwa urahisi, ingawa nguvu yake hupungua mfuko ukikaa sana ghalani. Nakutajia haya ili mtu akikuambia kwamba unadeka, ujue kuna mabunge yaliyokaa kujadili mikono kama yako.

Sasa glovu. Uliona kwa macho yako kwamba hali ilizidi ulipozivaa na ikapungua ulipozivua, na mimi nakuamini. Mstari ule kwenye kifundo cha mkono ni jambo la kumwonyesha daktari, maana unaeleza mengi. Ninachokiuliza ni hitimisho lako. Je, tatizo ni glovu kwa jumla, au ni zile glovu? Ngozi ya mnyama inayotengenezewa glovu na buti, kwa sehemu kubwa duniani, hulainishwa kiwandani kwa chumvi za kromi, na jasho la mkono huweza kuitoa kromi hiyo humo ndani. Kama una mzio wa kromi, basi huenda ulivishwa kitu kile kile ulichotakiwa kukikimbia. Zaidi ya hayo, glovu ya ngozi haizuii maji. Inalowa maji ya saruji, inayashikilia, kisha inakukanda nayo mchana kutwa. Imetengenezwa kwa ajili ya cheche na kingo kali, nayo kwa kazi hiyo ni nzuri, lakini lipu si kazi hiyo.

Kwa saruji mbichi kinachohitajika ni glovu isiyopitisha maji pande zote. Zile za kitambaa zilizopakwa mpira kiganjani tu, ambazo zimejaa madukani kwa sababu ni rahisi, huacha mgongo wa mkono wazi. Mara nyingi hupendekezwa za naitraili, yaani mpira wa kutengenezwa kiwandani, ndefu kupita kifundo, zinazokutosha vizuri ili usipoteze mshiko wa mwiko. Ukiigeuza glovu utaona michoro nyuma yake: mchoro wa nyundo unahusu misuguano na mikato, na mchoro wa chupa ya maabara unahusu kemikali. Ya kwako iwe na ile chupa. Hata hivyo nisikuahidi kwamba ukinunua hiyo shida imekwisha, kwa kuwa glovu za mpira, na naitraili pia, huweza kubaki na kemikali za kiwandani ambazo nazo huwapa baadhi ya watu mzio. Ndiyo maana nasisitiza vipimo kabla hujamaliza akiba yako kwa kubahatisha.

Kisha kuna joto letu. Mkono uliofungiwa ndani ya mpira kwa saa nyingi Dar es Salaam hulowa jasho, na unyevu huo peke yake huichosha ngozi. Watu huvaa glovu nyembamba za pamba ndani, wakawa na jozi mbili tatu za kubadilisha zinapolowa, na huvua kila wanapofanya kazi isiyogusa saruji mbichi. Mkono uingie ukiwa safi na mkavu, pete ikiwa imevuliwa. Saruji ikishaingia ndani ya glovu, glovu hiyo ni mbaya kuliko mkono mtupu, kwa sababu inaibana saruji kwenye ngozi bila hewa wala maji ya kuiosha. Wakati wa kuvua, zisuuze kwanza zikiwa bado mkononi.

Vigae umevitaja kwa kupita, nami nahofia magoti yako kuliko unavyohofia wewe. Fundi anayepiga magoti juu ya mchanganyiko mbichi huungua bila kusikia maumivu mpaka saa kadhaa baadaye, na majeraha yake huweza kwenda chini sana. Vaa kinga ya magoti isiyopitisha maji, buti la mpira lenye suruali juu yake badala ya kuchomekwa ndani, na nguo iliyolowa zege ibadilishwe saa ile ile. Ovaroli ya kazi ifuliwe peke yake, isichanganywe na nguo za watoto.

Kuhusu kunawa, najua sabuni ya unga ndiyo iliyopo, na najua mafuta ya taa hung'oa gundi upesi. Vyote viwili huondoa mafuta machache ambayo saruji imeyaacha. Maji safi yanayotiririka na sabuni laini isiyo na manukato vinatosha kwa mengi, mradi maji yenyewe yasiwe yale ya ndoo mnayooshea miiko. Limau liache kabisa kwenye ngozi iliyopasuka. Ukimaliza kunawa na kujikausha, paka mafuta mazito yasiyo na harufu, hata mafuta ya mgando ya kawaida, na urudie kabla ya kulala. Hayo husaidia ngozi kujijenga, lakini usiyategemee kama kinga mbele ya saruji, hata kama chupa imeandikwa vinginevyo.

Ile krimu uliyouziwa ndiyo inayonitia wasiwasi. Dawa inayotuliza kwa siku chache kisha upele ukarudi kwa nguvu mara nyingi huwa na steroidi, yaani dawa yenye nguvu ya kutuliza uvimbe na mwasho. Daktari huitumia kwa kipimo na kwa muda maalumu, na inafaa, lakini ikipakwa kienyeji kwa miezi huifanya ngozi kuwa nyembamba na dhaifu. Usiongeze nyingine kabla hujaonwa.

Mke wako naye nisimwache. Anamlinda mtoto, na hofu yake si ya kipuuzi, kwa kuwa yapo magonjwa ya ngozi yanayoambukiza, kama upele unaoletwa na vijidudu vya utitiri, na fangasi, na kwa macho tu si rahisi kuyatofautisha. Ukurutu unaotokana na saruji hauambukizi kwa kugusana. Ungeenda naye kliniki, akasikia kwa masikio yake, ingekuwa bora kuliko kumwambia wewe. Hospitali ya Muhimbili ina kliniki ya ngozi, na Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992. Uliza kama kipimo cha mzio kwa vibandiko kinapatikana: hubandikwa mgongoni, huondolewa baada ya siku mbili, na husomwa tena siku chache baadaye. Majibu yake yana uzito katika swali lako la kuacha kazi. Kama ni mwasho wa kawaida, wengi hupona wakibadili vifaa na mazoea. Kama ni mzio wa kromi, huelekea kukaa na mtu kwa muda mrefu, wakati mwingine hata baada ya kuacha saruji, na hapo kuchelewa kuna gharama. Kuacha leo bila kujua, hata hivyo, ni kuuza riziki kwa dhana.

Nije kwa mjomba. Umeandika kwamba hujui glovu zinakwenda wapi, lakini maneno yako yanamshuku tayari. Inawezekana shaka yako ni ya kweli. Inawezekana pia kwamba anasaini mzigo ulioahidiwa na usiofika, kwa kuogopa kikundi kisionekane cha watu wasumbufu, na kwamba kejeli yake juu ya glovu ni namna ya kuishi na jambo asiloweza kulibadilisha. Mimi simjui. Wewe unamjua, na kwa jinsi ulivyoeleza hujamuuliza.

Ungeweza kuanza naye, faraghani, ukiweka mikono mezani badala ya daftari. Mwambie madaktari wamesema nini, mwambie zile glovu za ngozi hazifai kwa kazi yenu, kisha umuulize namna ya kupata zinazofaa. Mtu mzima huweza kusikia ombi mahali ambapo asingesikia tuhuma. Hatari yake ni kwamba anaweza kulichukulia kama dharau, au akakufumba mdomo kwa kukukumbusha alivyokulea, na pengine ingefaa mama yako awepo, kwa kuwa dada humwambia kaka mambo ambayo mpwa hawezi.

Ungeweza pia kumrudia afisa usalama bila kumgusa mjomba. Kusema kwamba una ukurutu na unahitaji glovu zisizopitisha maji ni habari za mwili wako mwenyewe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga bila kumtoza mfanyakazi, kwa hiyo hungekuwa unaomba hisani. Hata hivyo sitakuficha kwamba afisa makini atafungua daftari siku hiyo hiyo, na utakuwa umeanzisha jambo ambalo huwezi kulisimamisha. Kwa upande mwingine, ile hadithi ya mafuta ya kupikia inaweza kukugharimu. Magonjwa yatokanayo na kazi yanaingia katika Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia huchangiwa na waajiri, haukatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi. Madai yana ukomo wa muda na yanahitaji kumbukumbu, na kumbukumbu iliyopo sasa inasema uliungua jikoni. Kama mkataba wako ni wa mdomo, nenda ofisi ya Mfuko ukaulize hali yako ikoje kabla hujakata tamaa au kujipa matumaini.

Dodoma ina pande mbili. Msimamizi hashiki saruji kama fundi, kwa hiyo mikono yako ingepata nafasi ya kupumua, na wewe ndiye ungekuwa na sauti juu ya glovu zinazonunuliwa kwa ajili ya vijana wanaokoroga zege, ambao huenda mmoja wao ameshaanza kupasuka vidole na anakutazama wewe kuona kama hilo ni jambo la kusemwa. Upande wa pili ni ile kalamu. Ukisaini pungufu kama lilivyo, wengine watakusikia. Ukisaini kamili ilhali si kamili, jina litakuwa lako. Unaweza kumwambia mjomba mapema kwamba utakubali ukiruhusiwa kuandika idadi iliyofika, basi, na jibu atakalokupa litakufahamisha mengi kuhusu lile daftari la kwanza. Au unaweza kuona kwamba uhusiano wenu hautabeba sharti hilo kwa sasa, ukaomba kwenda kama fundi wa kawaida mpaka mikono ijulikane inaumwa nini. Sioni aibu katika lolote kati ya hayo.

Kwa kuwa mradi mpya haujaanza, kliniki inaweza kutangulia mazungumzo yote. Ukienda, beba zile glovu za ngozi, mrija wa krimu, sabuni unayonawia na karatasi ya gundi ya vigae, maana daktari atataka kusoma kilichoandikwa, na umweleze ule mstari wa kwenye kifundo hata kama siku hiyo utakuwa umefifia.